Karamu ya Jenerali Asiyekuwepo

Nguruwe alikuwa bado anapiga mayowe wakati Kang Fuhai alipopokea simu ya mdogo wake, ikabidi akimbilie chooni na kujifungia huko ili asikilizane naye.

"Kaka, kelele gani hizo?"

"Redio."

"Redio gani inalia hivyo?"

"Ya jirani, mbovu. Wewe sema tu, Yuntian, nakusikia."

Kang Yuntian alikuwa kanali mwandamizi, mkuu wa kambi ya ndege za kivita huko kaskazini magharibi kwenye mchanga mtupu, na jina lake lilikuwa limepelekwa Beijing ili apewe nyota ya meja jenerali. Hilo Fuhai alikuwa analijua tangu juzi. Na kwa kuwa si mtu wa kukaa na jambo tumboni, kijiji kizima cha Kangzhuang kilikuwa kimelijua kabla ya chakula cha jioni.

"Jina limepelekwa, kaka, halijapitishwa," Yuntian alisema. "Wanachunguza kwanza. Maafande wawili wanakuja hapo nyumbani kuuliza habari za ukoo wetu. Wameniomba niwajulishe ili mkutwe. Mchana huu watakuwa kwenu."

"Mchana huu? Huu wa leo?"

"Huu wa leo. Naomba kitu kimoja tu. Msifanye lolote. Pasiwe na karamu, pasiwe na fataki, mtu asitambe. Mwenzangu mmoja mwaka jana, rubani hodari kunishinda mimi, jina lake lilikatwa kwa sababu baba mkwe wake alichinja ng'ombe na kuita wapiga tarumbeta kabla nyota haijatoka. Kastaafu hivyo hivyo, sasa anafuga sungura. Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri sana," Fuhai alijibu. "Sisi leo tunakula tambi na kitunguu saumu."

Alitoka chooni akasimama kuitazama hiyo tambi na kitunguu saumu. Meza za kijiji kizima zilikuwa zimepangwa kuanzia sebuleni, zikapita uani, zikatoka langoni mpaka kando ya barabara. Taa nyekundu zilining'inia kila mahali pa kuning'inizia kitu. Fataki zilikuwa zimezungushiwa mti wa uani kama nyoka aliyeshiba. Na juu ya lango palikuwa na kitambaa chekundu kirefu, maandishi ya manjano: HONGERA KANG YUNTIAN, JENERALI WETU WA ANGA.

Mkewe, Guizhen, alipita na beseni la figili, akamwona alivyobadilika rangi.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu bado. Lakini tukicheza, Yuntian atakufa kanali."

Msituone wajinga. Sisi watu wa Kangzhuang tumeipanda kazi ya Yuntian pamoja naye, ngazi kwa ngazi. Alikuwa bado mwanafunzi pale madaktari wa jeshi walipokuja shuleni kutafuta vijana wenye macho mazuri, na katika wilaya nzima wakamchukua yeye peke yake. Mama yake hadi leo anasema ni maini ya nguruwe aliyomlisha. Aliporuka peke yake mara ya kwanza, tulipiga ngoma. Alipotua na ndege iliyogoma kutoa gurudumu moja, akashuka mzima, tulipiga ngoma tukalewa. Ndege yoyote ikipita angani, hata ya abiria, Fuhai alisimama katikati ya shamba akaipungia jembe. Na kila Yuntian alipopanda cheo, Fuhai naye alipanda kiti. Zamani kwenye karamu za watu alikuwa akikalishwa karibu na mlango, anapopitia upepo na watoto. Sasa alikuwa anakalishwa kiti cha heshima, kinachoutazama mlango, na hakuna aliyethubutu kugusa samaki kabla yake.

Kwa hiyo ile nyota ilikuwa ya ukoo, na sasa ilikuwa hatarini kwa sababu ya nguruwe.

*

"Rudisheni meza!" Fuhai alipiga kelele. "Zimeni majiko! Wageni warudi makwao!"

"Warudi wapi?" Guizhen alimuuliza. "Ndio hao wanaingia. Na Mzee Tao ameshafungua chupa."

Kweli, Mzee Tao alikuwa ameshafungua chupa, na kwa sauti yake ilionekana haikuwa ya kwanza. Harufu ya nyama iliyopikwa kwa mchuzi wa soya na sukari ilikuwa imeshavuka barabara, inaelekea mjini kuwapokea maafande. Hakuna namna ya kuizuia harufu.

"Tuseme ni msiba," binamu mmoja alishauri.

Watu wote walimgeukia Bibi Kang, mama yao akina Fuhai, aliyekuwa amekaa ukutani akibangua mbegu za alizeti.

"Msinitazame mimi," alisema. "Yuntian nilimzaa, nikamlea, nikamlisha maini. Kumfia pia? Nimechoka. Halafu na hizi taa nyekundu mnamzika nani, jogoo?"

"Nyekundu ni harusi," Guizhen alisema, polepole, kama mtu anayejisemea.

Kisha macho yote yalihama kutoka kwa bibi yakaenda kwa Suiling, binti pekee wa Fuhai, mwalimu wa chekechea, ambaye umri wake wa kuolewa majirani walikuwa wameshaanza kuusimulia kama jambo lililopita. Suiling alikuwa amesimama penye majiko akimpa mpishi chumvi ambayo mpishi hakuwa ameiomba.

Mpishi mwenyewe aliitwa Mi Qingbo. Alikuwa mtu wa kuzunguka vijijini na majiko yake kwenye gari la magurudumu matatu, akipikia harusi, misiba na arobaini za watoto. Sikio lake moja liling'aa kwa kovu la moto. Mara mbili alikuwa amekuja kumposa Suiling, na mara mbili Fuhai alimkatalia. Mara ya pili alipokea zawadi zake, akamtuma akale jikoni, kisha akamtangazia mbele ya watu kwamba ndugu wa jenerali hatoi binti kwa mtu wa masufuria. Wakati huo hata huyo jenerali hakuwa jenerali.

"Mpigieni Fan wa ofisi ya tarafa," Fuhai alisema haraka. "Aje avae suti, akae saa moja tu, aende zake."

"Fan?" Suiling alisema. "Mimi simjui Fan hata meno yake."

"Huhitaji kumjua! Ni ya uongo!"

"Baba, mimi nitavaa nyekundu mbele ya kijiji hiki mara moja tu maishani. Ukitaka nivae leo, bwana harusi ni Qingbo. Kama hutaki, naenda zangu kulala, nyie waambieni maafande kwamba nguruwe kajinyonga."

Watu waliangua kicheko. Fuhai hakucheka. Alimkodolea macho Qingbo, aliyekuwa ameganda na upawa mkononi.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema kitu, Mzee Kang. Ila nyama itaungua."

Kule mwanzo wa kijiji gari lilipiga honi.

"Sawa!" Fuhai alipiga kelele. "Sawa, sawa, sawa! Mvalisheni! Na kile kitambaa kigeuzeni!"

Moyoni alijituliza. Hakuna mshenga, hakuna siku iliyochaguliwa, hakuna karatasi ya serikali. Gari likiondoka tu, mambo yote yatayeyuka na kila mtu atarudi alipokuwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia huku akimfunga mpishi ua jekundu kifuani, juu kabisa ya aproni.

*

Maafande walikuwa wawili. Afande Shi alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zimeingia mvi na kukatwa usawa wa masikio. Afande Lu alikuwa kijana mrefu mwembamba, na tangu aliposhuka garini pua yake ilikuwa ikielekea kwenye majiko bila ridhaa yake. Walikuja na chupa zao za maji ya moto. Wakiwa kazini hawali cha mtu, hawanywi cha mtu, hata sigara hawapokei.

"Tumewakuta na shughuli," Afande Shi alisema.

"Harusi, Afande. Ya binti yangu. Kitu kidogo tu cha kifamilia."

Afande Shi alizitazama meza mpaka zilipoishia barabarani. "Familia kubwa."

"Karibu kijiji kizima ni akina Kang, Afande. Ukimwacha mmoja, hakusalimii mwaka mzima."

"Na bwana harusi yuko wapi?"

"Anapika."

"Anapika harusi yake mwenyewe?"

"Hataki mtu mwingine aiharibu," Suiling alijibu. Alikuwa amevaa koti jekundu la harusi la mama yake, limembana mabegani na linanuka dawa ya nondo, na alikuwa anang'aa kiasi kwamba Afande Lu alisahau nyama kwa muda.

Hapo ndipo Mzee Tao aliposimama, glasi juu. "Jamani! Tunywe kwa afya ya jene..."

Guizhen alimtia mdomoni mkate wa mvuke mzima. Mzee Tao alikaa chini, macho yamemtoka, akaanza kuutafuna kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

"Anasemaje yule?" Afande Lu aliuliza.

"Analilia chakula," Bibi Kang alisema. "Ndivyo alivyo tangu utotoni."

Walikaa sebuleni. Maswali yalianza kwa bibi: Je, mwanawe alikuwa mtoto wa namna gani? Bibi alisema alikuwa msumbufu, anapanda kila kinachopandika, na kwamba jeshi lilifanya vizuri kumpa kitu cha kupanda kisichovunjika tawi. Afande Lu aliandika. Kisha Afande Shi alimgeukia Fuhai.

"Kaka yake Kanali Kang. Umewahi kulitumia jina la mdogo wako kupata jambo?"

Fuhai alifikiria foleni ya zahanati ambayo hakuwahi kuipanga. Alifikiria askari wa barabarani ambaye yeye mwenyewe alimuuliza, unajua mdogo wangu ni nani? Alifikiria kiti kile kinachoutazama mlango.

"Hapana," alisema, na masikio yakamwaka moto.

"Sijakuuliza kwa ubaya. Ila naona jambo. Binti yako ni mwalimu, baba yake mdogo ni mkuu wa kambi. Watu wa namna hiyo hutafuta wachumba wa maofisini, au jeshini kwenyewe. Nyie mnamwoza mpishi wa karamu. Kwa nini?"

Dirishani palikuwa pameshajaa vichwa. Sote tulikuwa pale, tumebanana, tunataka kusikia Fuhai atajibu nini. Suiling alikuwa ametazama chini.

"Mpishi ana nini?" Fuhai alianza kwa sauti ya hotuba. "Mpishi ni mtu. Anafanya kazi kwa mikono yake. Hana deni kwa mtu..." Alikwama. Afande Shi alisubiri. "Ana... Afande, mama yangu huyu aliugua majira ya theluji. Kila tulichompa alikitapika. Tulikuwa tumeshamtolea nguo zake za kuzikiwa. Huyu kijana akasikia. Akawa anakuja kila asubuhi na bakuli la supu, kutoka kijiji cha pili, kwenye barafu. Mimi nilimwambia asiingie ndani, aache bakuli langoni aende. Akaacha langoni. Kesho yake akaja tena, akaacha langoni. Mama akaipokea ile supu. Mpaka akasimama."

Hakuwahi kuyasema hayo kwa mtu yeyote. Alijisikia yanamtoka, akashindwa kuyarudisha.

"Na wewe ulimshukuruje?" Afande Shi aliuliza.

Fuhai alimtazama binti yake kwenye koti lile jekundu. "Ndiyo hivi leo," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya hotuba.

Bibi Kang alipenga kamasi kwa kelele. Afande Shi alifunga chupa yake ya maji.

"Basi tusiwacheleweshe. Chai mmeshanyweshwa?"

Tulitazamana. Chai! Katika haraka ile hakuna aliyeikumbuka, na Fuhai ndiye aliyekuwa akiomba isikumbukwe. Karatasi ya serikali inaweza kutangulia au kufuata, hiyo ni kazi ya makarani. Kwetu ndoa hufungwa pale bwana harusi anapomwinamia baba wa mke kwa kikombe cha chai, akamwita Baba kwa mara ya kwanza, na baba akaitika. Kuita, mtu yeyote anaweza kuita. Kazi ni kuitika. Ukishaitika mbele ya watu umempata mtoto, na hakuna ofisi utakayokwenda kumrudisha.

"Bado," Bibi Kang alisema kwa furaha isiyofichika. "Ndiyo tulikuwa tunaianza."

*

Qingbo aliletwa akiwa na unga kwenye nyusi zote. Walimsimamisha mbele ya kiti cha Fuhai, wakampa kikombe. Mikono iliyozoea kubeba sufuria za moto ilikuwa inamwaga chai kwenye sahani. Aliinama.

"Baba," alisema.

Fuhai alikikodolea macho kikombe. Maafande walikuwa wamesimama mlangoni. Kule jangwani mdogo wake alikuwa labda angani, hajui kwamba nyota yake imekaa kwenye ulimi wa kaka yake.

Bibi Kang alimfinya mgongoni, pale pale alipokuwa akimfinya alipokuwa mdogo.

"Ee," Fuhai aliitika.

"Hatujasikia!" tulipiga kelele kutoka dirishani.

"Baba!" Qingbo aliita tena.

"Ee!"

"Huku nyuma hatujasikia! Jeshi nalo halijasikia!"

Hata Afande Lu alikuwa anacheka sasa, mkono mdomoni. Qingbo alivuta pumzi, na sikio lake lenye kovu likawa jekundu kuliko ua la kifuani. "BABA!"

"EEEE!" Fuhai alinguruma, kuku wakaruka ukutani, na mtu mmoja, hadi leo anakana, akawasha fataki. Zililipuka zote kwa mfululizo, mti mzima ukafuka moshi, Guizhen akawa analia na kugawa peremende, Mzee Tao akaumeza ule mkate wake hatimaye na kupaza sauti kwamba tunywe kwa afya ya maharusi, maana na yeye alikuwa ameshasahau karamu ilikuwa ya nani. Tulipiga ngoma. Afande Lu alivuta harufu ya nyama kwa pumzi moja ndefu, kwa kuwa harufu haikatazwi, akashushia maji yake ya moto.

Wakati wa kuondoka upepo ulikinyanyua kile kitambaa kilichogeuzwa cha langoni, na maandishi ya manjano yakachungulia. Afande Shi alisimama chini yake, akatazama juu kwa muda, akatazama tena meza.

"Mimi huandika nilichokiona," Afande Shi alisema. "Nimeona familia inamwoza binti yao kwa mpishi, na baba anaitika kwa sauti inayosikika mjini. Mwakani wakubwa wangu wanaweza kuuliza hao maharusi wanaendeleaje. Ningependa kuwa na jibu zuri."

"Utakuwa nalo, Afande."

"Na mwambie mkweo avue aproni kabla ya kuinama."

Yuntian alipiga simu jioni ile ile, kabla jua halijazama. "Kaka," alisema, "tambi zilikuwa tamu?" Nyota aliipata mwezi wa saba, nawaambia mapema msije mkahangaika bure. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo.

*

Wageni walipokwisha kwenda na mabakuli ya mabaki yao, Fuhai alimkuta Qingbo uani akisugua sufuria kubwa, peke yake. Alikuwa amelifungua lile ua jekundu na kuliweka vizuri juu ya kigoda.

"Mzee Kang," Qingbo alisema bila kuinua uso, "nilikuwa nakusubiri. Leo ulikuwa umebanwa, najua. Wakipiga simu kutoka jeshini nitasema niko, mambo ni mazuri, siwezi kumharibia Kanali. Lakini Suiling simchukui kwa kuviziana. Kama ulisema kwa ajili ya maafande tu, mimi napakia majiko yangu. Sitakuwa na kinyongo."

Fuhai alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Suiling alikuwa nyuma ya mlango na koti lile linalombana, na hakuthubutu kutoka.

"Umeniitaje?" Fuhai aliuliza.

"Nimekuitaje?"

"Hapo ulipoanza."

"Mzee Kang."

"Wewe baba yako alifariki lini?"

"Nilikuwa sijaanza shule."

"Tangu hapo hujamwita mtu?"

Qingbo alitikisa kichwa. Wali uliokaukia kwenye sufuria ulikuwa umemkataa, akaendelea kuukwangua mahali palepale.

"Mimi nimekauka koo leo," Fuhai alisema, na sauti ilikuwa kweli inakwaruza. "Nimeitika mara tatu mbele ya jeshi la anga. Hakuna aliyeniuliza kama ninataka. Sasa jeshi limekwenda. Hapa tupo mimi na wewe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hebu niite tena, tuone."

Kijana aliiweka brashi chini. Ilimchukua muda, na neno lilipomtoka lilikuwa dogo sana, hata Suiling nyuma ya mlango hakulisikia.

Fuhai alilisikia. Akaitika.